Ngoma Kubwa Mbele ya Maikrofoni

MASOMO YA REDIO KWA WATU WAZIMA
Historia ya vitu tunavyovitumia: Somo la Tisa

Kwa viongozi wa vikundi: Kabla ya kulisoma somo hili tafuteni ngoma moja nene, blanketi moja, na simu au mtambo wowote wa kunasa sauti. Mtavihitaji mwishoni.



Katika somo lililopita tulieleza jinsi Bwana Thomas Edison wa Marekani alivyoinasa sauti ya mtu mwaka 1877 katika karatasi nyembamba ya bati. Leo tutazame jambo lililowashinda mafundi kwa muda mrefu zaidi, nalo ni kuunasa mshindo wa ngoma kubwa.

Ngoma kubwa unaijua. Umeiona katika beni, mpigaji akiivaa kifuani na kuipiga kwa virungu huku na huku. Umeiona katika bendi ya polisi siku ya gwaride. Tena umeiona katika bendi ya dansi, imelazwa ubavu chini kabisa, mpigaji ameketi nyuma yake anaipiga kwa mguu. Ngoma hii husikiwa kwa masikio, na husikiwa kwa kifua vilevile. Ikikosekana, wachezaji hupoteza miguu.

Sasa nakuomba ufikiri. Ukipata santuri ya muziki wa jazi iliyotengenezwa Marekani mwaka 1923, uiweke na kuisikiliza, utasikia tarumbeta, utasikia zumari, utasikia hata piano kwa mbali. Ngoma kubwa hutaisikia. Badala yake utasikia kitu kama mtu anayegonga kibao: ko, ko, ko.

Je, mpigaji hakuwa na ngoma? Alikuwa nayo. Je, hakujua kuipiga? Aliijua kuliko wengi. Basi kwa nini haisikiki? Swali hilo ndilo litakalotuongoza leo, na jibu lake litatufundisha jambo kubwa zaidi ya ngoma: namna ya kumwamini shahidi, na namna ya kumtilia shaka.

MPIGAJI ALIYENYIMWA NGOMA YAKE

Zamani, katika bendi za Marekani, kazi ya ngoma ilihitaji watu wawili au watatu: mmoja wa ngoma kubwa, mmoja wa ngoma ndogo, na pengine mwingine wa matoazi. Mwaka 1909 Bwana William F. Ludwig wa Chicago alitoa pedali yake, yaani chombo cha kukanyaga kwa mguu chenye kirungu mbele. Pedali nyingine zilikuwapo kabla yake, lakini hii ilikuwa nyepesi na ya haraka. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kuketi akapiga ngoma kubwa kwa mguu, na mikono yote miwili ikabaki huru kwa ngoma nyingine na matoazi. Wenye kumbi walifurahi, kwa kuwa mshahara wa watu watatu sasa ulikuwa wa mtu mmoja.

Mmoja wa waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo ni Warren Dodds wa New Orleans, aliyezaliwa mwaka 1898. Watu walimwita Baby Dodds. Alipiga katika bendi ya King Oliver huko Chicago, bendi iliyokuwa na kijana mpiga tarumbeta aitwaye Louis Armstrong. Watu walijaa kila usiku kuwasikiliza.

Mwezi wa Aprili 1923 bendi hiyo ilikwenda mji wa Richmond, katika jimbo la Indiana, kurekodi santuri kwa kampuni ya Gennett. Chumba cha kurekodia kilikuwa karibu na njia ya reli, hata kazi ilibidi isimame treni ilipopita. Humo hamkuwamo maikrofoni. Kulikuwa na pembe kubwa iliyotokeza ukutani, kama pembe ya gramafoni, na wanamuziki wote waliielekea. Ambaye sauti yake ni ndogo aliwekwa karibu. Ambaye sauti yake ni kali alipelekwa mbali. Armstrong, kwa nguvu za tarumbeta yake, alisimamishwa nyuma kabisa, mbali na wenzake.

Na Dodds je? Yeye ilibidi aiache ngoma yake kubwa bila kuitumia, akapiga vibao vya mbao na vitu vidogo vidogo. Mafundi waliogopa kwamba mshindo wa ngoma utairusha sindano itoke katika nta na kuiharibu sahani nzima.

Hebu jiweke mahali pake. Umetumia miaka kujifunza kazi, unaingia mahali ambapo sauti yako itahifadhiwa kwa watoto na wajukuu, halafu unaambiwa: chombo chako kikuu usikiguse.

KWA NINI MTAMBO ULIIOGOPA NGOMA

Sababu haikuwa chuki. Ilikuwa elimu ya sauti, nayo si ngumu kuielewa.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sauti nyembamba, kama ya filimbi, hutetema mara nyingi sana katika sekunde moja. Sauti nene hutetema mara chache. Ngozi ya ngoma kubwa hutetema kiasi cha mara 50 hadi 100 kwa sekunde. Tukijua kwamba sauti husafiri meta 340 hivi kwa sekunde, twaweza kupiga hesabu. Gawanya 340 kwa 60: unapata zaidi ya meta 5. Huo ndio urefu wa wimbi moja la sauti ya ngoma. Ni refu kuliko vyumba vingi tunavyolala.

Pembe ya kunasia sauti ilikuwa fupi mno kwa wimbi kama hilo. Ni kama kujaribu kuteka wimbi la bahari kwa kikombe. Kwa hiyo mitambo ya kale haikunasa karibu chochote chini ya mitetemo 150 hivi kwa sekunde, wala haikufika mbali juu ya 2,000.

Lakini utaniuliza: kama pembe haikuweza kuiteka sauti nene, kwa nini mafundi waliiogopa? Swali zuri. Ngoma kubwa ikipigwa hutoa sauti, na pamoja na sauti hiyo huusukuma upepo kwa ghafula. Weka mkono wako mbele ya ngozi, mwenzako apige, utauona msukumo huo mwenyewe. Katika mtambo wa pembe hapakuwa na umeme wa kusaidia wala wa kuzuia. Nguvu ya hewa peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichonge nta. Msukumo wa ghafula ukifika, sindano huyumba, nayo huruka au hukata mpaka katika mfereji wa jirani. Hapo sahani imekwisha, na bendi nzima yaanza upya.

Basi fundi alikuwa na hasara mbili: mlio wa ngoma hakuupata, na kishindo chake kilimharibia kazi. Akaitoa ngoma nje.

UMEME WAINGIA

Mabadiliko yalikuja mwaka 1925. Kabla ya hapo, mwaka 1916, Bwana E. C. Wente wa kampuni ya Western Electric alikuwa amebuni maikrofoni mpya yenye utando mwembamba uliovutwa mbele ya bamba la chuma. Utando ukitetema, umeme hubadilika kwa kuufuata. Wenzake katika kampuni hiyo walitengeneza mtambo kamili: maikrofoni, vikuza sauti vya umeme, na sindano iliyosukumwa na umeme. Mwaka 1925 kampuni kubwa mbili za santuri za Marekani, Victor na Columbia, zilianza kuutumia.

Tazama tofauti. Sasa fundi aliweza kuiongeza sauti ndogo na kuipunguza kubwa kwa kuzungusha kitufe. Santuri ikaanza kubeba mitetemo toka 100 hivi hadi 5,000 kwa sekunde. Sauti ya fidla ikawa fidla, na ya mtu ikawa na kifua.

Lakini desturi haifi siku mtambo unapobadilika. Mafundi wengi waliendelea kuwakataza wapigaji ngoma kama zamani. Mwezi wa Desemba 1927, huko Chicago, kikundi cha vijana kilichoitwa McKenzie and Condon's Chicagoans kilikwenda kurekodi kwa kampuni ya Okeh. Mpiga ngoma wao alikuwa Gene Krupa, kijana wa miaka 18, naye alikuja na ngoma zake zote. Kwa masimulizi ya Eddie Condon, mkubwa wa kazi alishtuka, akasema ngoma kubwa itairusha sindano. Vijana walisihi wajaribu. Zikatafutwa zulia za kuziwekea ngoma ili mshindo usipite sakafuni, wakapiga. Sindano haikuruka, na santuri zilizotoka zikawa na nguvu ambayo wapigaji wengine waliisikia mara moja.

Watu husema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza ngoma kubwa kunaswa. Tuwe waangalifu na maneno kama hayo. Zipo santuri za kabla ya hapo, za bendi za kijeshi na za dansi, ambamo ngoma kubwa husikika kidogo kidogo. Lililo kweli ni hili: mwaka 1927 kijana mmoja aliikataa sheria ambayo sababu yake ilikuwa imekwisha ondoka. Sheria nyingi huishi hivyo, kama mtu anayeendelea kufunga mlango wa zizi ambalo halina ng'ombe.

KUTOKA FUTI MBILI HADI INCHI CHACHE

Kwa muda wa miaka mingi baadaye bendi nzima ilirekodiwa kwa maikrofoni moja au chache tu. Ngoma kubwa ilisikika, lakini ilikuwa mbali, nyuma ya wengine, kama ngoma ya kijiji cha pili.

Kisha mambo mawili yakasaidiana. La kwanza ni utepe wa sumaku, uliotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na kuenea Marekani tangu mwaka 1948. Katika utepe hakuna sindano ya kuruka. La pili ni maikrofoni imara zaidi. Zilikuwapo maikrofoni nzuri zenye utepe mwembamba wa madini ndani yake, lakini upepo wa ngoma uliweza kuupinda utepe huo na kuuharibu. Maikrofoni yenye koili, yaani waya uliozungushwa na kutembea ndani ya sumaku, huvumilia zaidi. Mwaka 1953 kampuni ya AKG ya mji wa Vienna, Austria, ilitoa maikrofoni ya namna hiyo iliyoitwa D12, nayo ikaja kupendwa sana na wenye kurekodi ngoma kubwa.

Hata hivyo, mshindo ulikuwa bado una mlango mmoja wa kupita, yaani santuri yenyewe. Sauti nene huhitaji mfereji unaokwenda huku na huku kwa upana, na mifereji mipana hula nafasi ya sahani. Kwa hiyo sauti nene hupunguzwa wakati wa kuchonga, na gramafoni huirudisha wakati wa kupiga. Zamani kila kampuni ilipunguza kwa kipimo chake. Mwaka 1954 kampuni za Marekani zilipatana kutumia kipimo kimoja, na baadaye kikafuatwa kwingi duniani.

Twende sasa London, tarehe 6 Aprili 1966, katika studio za EMI zilizo barabara ya Abbey Road. Kikundi cha Beatles kilianza siku hiyo kazi ya sahani yao iliyokuja kuitwa Revolver. Fundi wao mpya, Geoff Emerick, alikuwa na miaka 20 tu. Studio ile ilikuwa na kanuni kali, na mafundi wengine walivaa makoti meupe kama waganga wa hospitali. Kwa maelezo ya Emerick mwenyewe, kanuni mojawapo ilisema maikrofoni isisogezwe karibu na ngoma kubwa kupita futi 2 hivi, isije ikaharibika.

Emerick alitaka ngoma ya Ringo Starr isikike kama inavyosikika kwa aliyeketi karibu nayo. Akafanya mambo matatu. Alichukua sweta ya sufu, yenye shingo nne, iliyokuwa ikizagaa studioni, akaishindilia ndani ya ngoma ili ngozi isivume mno. Kisha akaisogeza maikrofoni mpaka ikabaki inchi chache tu. Mwisho akaipitisha sauti katika mtambo wa kuibana, unaoushika mshindo mkubwa na kuushusha, ili sauti ndogo inayofuata ipate kusikika nayo. Matokeo yalikuwa ngoma nzito, fupi, iliyo karibu na sikio. Tangu hapo studio nyingi zilifuata njia hiyo. Wakubwa wa studio, asema Emerick, walimwandikia barua ya kumruhusu kuivunja kanuni, lakini kwa kazi za kikundi kile tu.

MWAKA HUO HUO, MENGO

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki, maana hapa ndipo maneno ya leo yanapotugusa.

Katika jumba la Kabaka wa Buganda, huko Mengo, palikuwa na ngoma ziitwazo entenga. Zilikuwa ngoma 15. Kati yake 12 zililinganishwa sauti kama vipande vya marimba, hata ziliweza kuimba wimbo, na 3 zilizobaki zilitia mshindo. Watu 6 walizipiga kwa pamoja kwa fimbo ndefu zilizopinda. Hazikupigwa sokoni wala arusini. Zilikuwa za jumba la mfalme.

Mwaka 1950 na mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kunasa muziki, alifika Uganda. Mtambo wake ulikuwa mzito, wa kubebwa kwa gari, na jenereta ya umeme iliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie. Maikrofoni aliishika mkononi. Hakuisimamisha mahali pamoja. Alikwenda nayo kati ya wapigaji, akiielekeza kwa huyu na kwa yule kama mtu anayesikiliza mazungumzo. Kwa ngoma nyingi zilizo safu moja, mkono wenye busara ulimfaa kuliko kanuni. Alizinasa ngoma za jumba la Kabaka, na mwaka 1952 akazinasa pia ngoma za Mwami wa Rwanda.

Tarehe 24 Mei 1966, majuma saba tu baada ya Emerick kuishindilia sweta katika ngoma kule London, jeshi la serikali ya Uganda lililishambulia jumba la Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbia nchi. Wapiga muziki wa jumba walitawanyika, na ngoma ziliharibiwa. Entenga ikanyamaza.

Fikiri, ndugu msikilizaji. Katika majira yale yale, mji mmoja ulipata namna mpya ya kuisikia ngoma, na mji mwingine ulipoteza ngoma zake. Kama mtu yule hakuja na maikrofoni yake mwaka 1950, tungesema nini leo juu ya entenga? Tungesoma tu kwamba zilikuwapo. Katika miaka ya karibuni watu wa Uganda wamejitahidi kuzifufua, wakitegemea kumbukumbu za wapigaji waliosalia, na sauti zilizonaswa zamani zimebaki kuwa shahidi wa jinsi zilivyolia.

Lakini kumbuka shahidi wa Richmond. Santuri za 1923 nazo ni shahidi, na ukizisikiliza peke yake utaapa kwamba wapigaji wa wakati ule hawakutumia ngoma kubwa. Wako waliofikiri hivyo, na wako vijana waliojifunza kugonga vibao kwa kuiga santuri, wakidhani ndiyo desturi ya New Orleans. Kumbe ilikuwa ni upungufu wa pembe. Baby Dodds alipata bahati ya kuishi mpaka 1959. Mwaka 1946 alirekodiwa akiwa peke yake na ngoma zake zote, akieleza kwa kinywa na kuonyesha kwa mikono jinsi walivyopiga. Je, ni wangapi waliokufa kabla ya kupata nafasi hiyo?

Basi somo la historia ni hili. Ukimya katika santuri hauonyeshi kwamba hapakuwa na sauti. Pengine mtambo haukuwa na sikio la kuisikia.

NAMNA YA KUINASA NGOMA KUBWA VIZURI

Hapana shaka wengi mnangoja sehemu hii. Yafuatayo ni mambo ambayo mafundi wameyajua kwa kujaribu na kukosea.

Kwanza, itengeneze ngoma kabla ya kuifikiria maikrofoni. Debe tupu haliachi kuvuma, na ngoma mbaya haiponywi na mtambo. Kaza ngozi sawasawa pande zote. Ukigusa kando ya kila parafujo kwa kidole, sauti ziwe moja. Ikivuma mno, weka blanketi au mto mdogo ndani, uiguse ngozi kidogo tu; ukijaza sana utabaki na sauti ya kugonga sanduku.

Pili, chagua kirungu. Cha manyoya yaliyoshindiliwa hutoa sauti ya mviringo. Cha mbao hutoa mgongo mkali unaosikika hata katika kelele nyingi.

Tatu, itafute sehemu ya maikrofoni. Ngozi ya mbele ya ngoma nyingi za dansi hukatwa tundu la sentimeta 10 hadi 15. Ukiiingiza maikrofoni ndani mpaka sentimeta 5 au 8 kutoka ngozi inayopigwa, utapata mgongo wa kirungu. Ukiiacha katika tundu, utapata uzito zaidi, lakini isikae katikati kabisa penye upepo. Ielekeze upande kidogo. Ukiirudisha nje, sentimeta 30 au zaidi, utapata mlio mzima wa ngoma pamoja na chumba. Kumbuka pia kwamba maikrofoni isikiayo zaidi upande mmoja huongeza unene wa sauti kila inaposogezwa karibu.

Nne, ukitumia maikrofoni mbili, hakikisha kwamba zinakwenda pamoja. Moja ikisukumwa wakati nyingine inavutwa, zitafutana kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani na huyu nje. Ukiziunganisha ukaona mshindo umekonda, geuza mwelekeo wa umeme wa moja, au isogeze kidogo.

Tano, usijaze kipimo. Mpigaji akiwa anajaribu hupiga taratibu. Wimbo ukianza hupiga kwa nguvu. Acha nafasi. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na sauti iliyopasuka haishonwi tena.

Sita, ukitaka kurekebisha sauti baadaye, jua mahali pa kugusa. Uzito umo kati ya mitetemo 60 na 100 kwa sekunde. Sauti ya sanduku, isiyopendeza, imo karibu na 300 na 400, punguza hapo. Mgongo wa kirungu umo kati ya 2,000 na 5,000.

JARIBIO LA KIKUNDI

Mwenzenu apige ngoma kwa nguvu ileile mara tatu. Mara ya kwanza simu iwe hatua tano mbali. Mara ya pili iwe hatua moja, kando ya ngozi, si mbele yake. Mara ya tatu iwe palepale, lakini blanketi liiguse ngoma. Kisha sikilizeni kwa spika ndogo ya simu yenyewe. Mtaona ngoma zote tatu zimekonda. Spika ile ni ndogo mno kuisukuma hewa ya sauti nene, kama pembe ya Richmond ilivyokuwa ndogo mno kuiteka. Sikilizeni tena kwa spika kubwa au za masikioni, na uzito utarudi. Ulikuwamo siku zote.

MUHTASARI

Mwaka 1923 ngoma kubwa iliachwa kwa sababu pembe haikuiweza. Mwaka 1925 umeme ulifungua mlango, na mwaka 1927 kijana mmoja alithubutu kupita. Mwaka 1966 maikrofoni ilisogezwa karibu, na mwaka huo huo ngoma za Mengo zikanyamazishwa.

Leo wengi wetu twatembea na mtambo mfukoni ambao Bwana Edison angeuona kuwa miujiza. Basi, kama katika mtaa wako yuko mzee anayejua ngoma ambayo vijana hawaijui, nenda kwake. Mwombe ruhusa kwanza. Nasa ngoma yake, kisha nasa maneno yake, jina lake na la mwalimu wake, siku na mahali. Ukifika nyumbani sikiliza tena, ujiulize ni sauti gani mtambo wako haukuisikia, na uiandike kwenye karatasi. Atakayekuja baada yetu atakuwa na mashahidi wawili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Baby Dodds aligonga vibao katika santuri za 1923?
2. Eleza kwa nini sauti nene ilikuwa ngumu kunaswa kwa pembe.
3. Taja kanuni moja kazini au nyumbani kwenu ambayo sababu yake imekwisha ondoka. Je, iondolewe?
4. Ni ngoma gani katika sehemu yenu ambayo haijanaswa bado? Nani aijua? Kikundi kimchague nani aende kwake juma hili?

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.